Turkana Si Ukuta Mweupe

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unatengeneza kazi ya sanaa kuhusu nafasi, na kwamba itasimama Turkana, atakujibu haraka: "Huko nafasi mnayo, si ni jangwa tu?" Nimelisikia jibu hilo kwenye matatu, kwenye maonyesho, hata kutoka kwa wasanii ninaowaheshimu. Mimi ni wa Lodwar, nasomea sanaa Nairobi, niko mwaka wa nne, na kazi yangu ya mwisho ni ya aina ile usiyoitundika ukutani. Unaisimika mahali, mtazamaji anaizunguka au anaingia ndani yake. Darasani tunaiita instalesheni. Nikiwa peke yangu natumia neno kusimika, kwa sababu nguzo husimikwa, mlango husimikwa, hata kiongozi husimikwa, na kila kilichosimikwa kinadai ardhi iliyo chini yake.

Kabla sijasimika changu, nimekuwa nikizisoma kazi za wengine: zilizosimama Turkana, na zilizotengenezwa mbali kwa vitu ambavyo Kakuma ni vya kawaida kama sufuria. Nyingine zina majina makubwa na nyingine hazina hata jina la aliyezitengeneza.

Kiswahili kimenisaidia kuliko nadharia tulizosomeshwa. Neno nafasi linabeba mengi: ni mahali, ni wakati, ni fursa. Nikikwambia "sina nafasi" huwezi kujua kama nimekosa kiti, dakika kumi au kazi. Wenzetu wa Dar es Salaam walilijua hilo walipokiita kituo chao cha Mikocheni Nafasi Art Space mwaka 2008, studio zikiwa ndani ya makontena ya meli. Halafu kuna ngeli ya mahali, ile tuliyoikariri shuleni kama wimbo: hapa, huku, humu. Hapa ni pale unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Huku ni eneo, mipaka yake haijulikani. Humu ni ndani. Turkana imesemwa kwa "huko" kwa muda mrefu sana. Wakoloni waliifunga kama wilaya ya pembezoni, huingii bila kibali. Walipotafuta pa kumweka Jomo Kenyatta mbali na macho ya watu, walimpeleka Lokitaung, kisha mwaka 1959 wakamleta Lodwar. Uhuru ukaja, na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ukapendekeza pesa za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye uwezo mkubwa wa kuzalisha. Ramani hiyo ilimwacha nani nje, hatuhitaji kuulizana. Kwa hiyo jamaa wa matatu anayesema huko hakuna kitu, hakuianza yeye hiyo stori.

Sasa twende Kalokol.

Ukitoka Lodwar ukishika barabara ya kuelekea ziwani, kabla hujafika Kalokol mjini, utakuta nguzo 19 za basalti, nyeusi, zimesongamana kama watu wanaosubiri gari. Zingine zimeinama. Hazijachongwa sura wala maandishi. Tunapaita Namoratunga, na stori tunayosimuliwa tukiwa wadogo ni kwamba hao walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamcheka pepo, wakageuka mawe. Juu ya nguzo huwa kuna vijiwe vidogo, vimewekwa na wapita njia.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo hizo zimepangwa kuelekea nyota na makundi ya nyota yanayotumika kwenye kalenda ya Waborana, na kwamba zilisimikwa karibu miaka 300 kabla ya Kristo. Watu walipenda. Stonehenge ya Afrika, manze! Kisha Robert Soper akaja kupima upya, na mwaka 1982 akaonyesha tatizo moja la kuchekesha: mawe yenyewe yana usumaku, yanaivuta dira. Ukisimama karibu nayo na dira mkononi, jiwe linakuambia linachotaka. Wanaakiolojia waliokuja baadaye, walioangalia chini badala ya juu, waliziweka nguzo za Kalokol katika familia moja na maeneo mengine ya nguzo yanayolizunguka Ziwa Turkana, ya yapata miaka 5,000 iliyopita.

Lililochimbwa kwa makini zaidi ni la Lothagam. Matokeo yalitoka 2018, na nikiyasoma kama mwanafunzi wa sanaa nashindwa kutulia. Jukwaa la mviringo lenye upana wa karibu mita 30. Chini yake shimo kubwa lililochimbwa makusudi. Ndani, kwa makadirio, watu wasiopungua 580: wanawake, wanaume, watoto wachanga, wazee. Karibu kila aliyefukuliwa alikuwa na pambo, shanga za mawe za rangi mbalimbali, na mmoja alivishwa kitu cha kichwani kilichotengenezwa kwa mamia ya meno ya panya wa jangwani. Hakuna kona ya wakubwa. Juu ya hayo yote wakaweka nguzo. Waliofanya hivi walikuwa wafugaji wa mwanzo wa eneo hili, wakati mvua zinapungua na ziwa linarudi nyuma, yaani wakati ambapo hakuna aliyejua kesho malisho yatakuwa wapi.

Kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya kusimika katika nchi hii, na sisemi kwa uzalendo wa kaunti. Watu wanaohama waliamua kuwe na hapa pamoja ambapo hapatahama. Walikuwa kwenye "huku" lisilo na mwisho, wakalipiga kigingi. Na waliotafuta nyota walikosea kwa namna ambayo wahakiki wengi tunakosea: waliona mawe mahali walipodhani patupu, wakadhani maana lazima iko mbali, angani, kumbe ilikuwa hatua mbili chini ya viatu vyao. Hata nadharia yao ikija kufufuka siku moja, bado nitauliza kwa nini hawakuanza na wafu.

Kazi ya pili ni akai, nyumba ya kulala ya Mturkana. Haina jalada kwenye makumbusho yoyote lenye jina la aliyeijenga, na aliyeijenga ni mwanamke karibu kila mara. Matawi yanapindwa kuwa kuba, yanafungwa, yanafunikwa kwa makuti ya mkoma, ngozi, siku hizi na chochote kinachozuia maji. Mlango ni mfupi. Lazima uiname. Wanaoionyesha kwenye maonyesho ya utamaduni wanaisimamisha kama sanamu, watu wanapiga selfie nje, basi. Wanapoteza kazi yote, kwa sababu akai haikutengenezwa itazamwe kwa nje. Kwa nje ni kichaka kilichochanwa nywele. Inaanza mgongoni mwako unapoinama: mwanga unakatika, joto linashuka kidogo, sauti za mbuzi zinasogea mbali, na sasa uko humu. Profesa mmoja alituonyesha slaidi za vyumba vya giza vya wasanii wa Ulaya, tukaambiwa tuzingatie jinsi mwili unavyobadilika ukivuka kizingiti. Nilikuwa nimekaa nyuma nikijisemea, nyanya yangu alijenga hiki kitu mara ngapi.

Nitapita haraka kwenye jengo la Francis Kéré karibu na ziwa, kampasi ya Startup Lions iliyokamilika 2021, mwaka mmoja kabla hajapata Tuzo ya Pritzker. Minara yake ya kupitisha hewa imefuata umbo la kichuguu, na kila jarida la usanifu lilirudia hilo neno. Ni kweli inapendeza, hasa jioni. Lakini ninachokipenda pale si minara, ni vivuli. Yule bwana ameelewa kwamba Turkana kivuli ni chumba. Ukikaa chini ya mti hapa, tayari umeingia mahali, una mwenyeji, unasalimia.

Halafu Kakuma. Kilomita kama 120 kutoka Lodwar.

Kambi ilifunguliwa 1992, wengi wa kwanza wakiwa wavulana waliotembea kutoka Sudan. Leo ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa 2016, ni zaidi ya watu 200,000. Lodwar, makao makuu ya kaunti, haifikii hapo. Mtu akikwambia anaishi Kakuma 3, anakupa anwani ya lugha ya ofisi: sehemu, zoni, bloku, namba. Ni nafasi iliyopangwa na mtu aliyesimama juu ya ramani. Ila ukitembea, mistari ya ramani inapotea. Kuna mikahawa ya Wahabeshi ambapo kahawa inakaangwa mbele yako, maduka ya Wasomali, makanisa ya Wakongo ambayo spika zake hazijui usiku, ua wa miiba ya mathenge uliosukumwa nusu mita kila mwaka hadi njia ikawa uchochoro. Kila baraza, kila kibanda kilichoongezwa mbele ya nyumba, ni mtu aliyegeuza "huku mlikopelekwa" kuwa "hapa kwangu". Nani anahitaji msanii aje kuchunguza nafasi Kakuma? Inachunguzwa kila siku na watu wenye misumari michache.

Nyenzo kuu ya nafasi hiyo, hata pale matofali ya udongo na mabati yalipochukua zamu, ni turubai. Lile jeupe, lenye herufi za buluu, mita 4 kwa 5. Na hapa ndipo wasanii wakubwa wanapoingia.

Shigeru Ban kwanza, kwa sababu ndiye aliyeanza na swali sahihi. Baada ya 1994, wakimbizi wa Rwanda walipewa maturubai, wakakata miti ili kupata fremu. Mashirika yakaleta nguzo za alumini. Watu wakaziuza, kwa sababu alumini ni pesa, wakarudi kukata miti. Ban akaja na mirija ya karatasi ngumu ambayo haina thamani sokoni, na ikajaribiwa kwenye kambi ya Byumba mwaka 1999. Fikiria hilo: ubunifu wote umesimama juu ya kutafuta kitu ambacho maskini hatataka kukiuza. Ni akili kubwa, na inanikera. Mwaka 2017 UN-Habitat ilimkaribisha Kalobeyei abuni nyumba za kudumu kidogo, na huko angalau alianza kwa kuangalia watu wanajengaje wenyewe.

Mwaka 2016 jumba la MoMA la New York lilifungua maonyesho kuhusu uhamaji na makazi, na ndani yake wakasimamisha nyumba nzima ya wakimbizi, ile ya vipande vya plastiki iliyobuniwa kwa msaada wa wakfu wa IKEA. Nimeiona kwa picha tu, na kwenye picha sakafu inang'aa. Kila kitu kiko sawa isipokuwa kwamba hakuna anayeshikilia paa lisiende na upepo. Mwaka huohuo Ai Weiwei alifunga jaketi za kuokolea zipatazo 14,000 kwenye nguzo za jumba la muziki la Konzerthaus, Berlin. Jaketi zilitoka kisiwa cha Lesbos, kwa watu waliovuka. Ile kazi ina nguvu, siwezi kukataa. Rangi ya chungwa kwenye nguzo zile inakupiga kifuani kabla hujafikiri. Lakini baada ya kufikiri unabaki na hesabu: jaketi limefika Berlin, limepewa ukuta bora mjini, usiku linamulikwa. Aliyelivaa huenda bado anapanga foleni mahali fulani. Kitu kimevuka mpaka kwa urahisi kuliko mwenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nibadilishe mpango wa kazi yangu. Wazo la kwanza lilikuwa la msimamizi wangu, na alilitoa kwa nia njema: kusanya maturubai chakavu ya Kakuma, yale yenye viraka na mishono, yatundike kwenye ukumbi Nairobi, watu wapite katikati yake. Alisema itaonekana. Ingeonekana, bila shaka. Maturubai yale ni mazuri kwa namna ya kuumiza. Kuna moja niliona limeshonwa kwa uzi wa viatu, waya na nyuzi za gunia, kama shajara. Nikamuuliza mwenyewe, mama wa Kikongo anayeuza mandazi Kakuma 1, kama angekubali niliazime.

"Mwanangu," akaniambia, "hii shitingi ni ya mvua. Ukienda nayo Nairobi, mvua itaninyeshea mimi ama wewe?"

Nikasema nitamletea mpya. Akafikiri. "Mpya sawa. Na mimi je, nitaenda kuiona huko?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu liko kwenye karatasi. Mkimbizi wa Kakuma haondoki kambini bila kibali cha kusafiri, na kuangalia turubai lako kwenye maonyesho si sababu ambayo ofisi yoyote itaandika. Turubai lake lingepanda basi, lingepita Kitale, lingepita Nakuru, lingefika. Yeye hapana. Kazi yangu kuhusu nafasi ingekuwa imeurudia ukuta uleule, tena kwa taa nzuri.

Kuna msanii mmoja aliyelikaribia tatizo hili kuliko Ai, naye ni Ibrahim Mahama wa Ghana. Magunia ya kakao yaliyochakaa anayapata kwa kuwapa wenyewe mapya, watu wanalipwa kuyashona, kisha yanafunika majengo mazima. Venice mwaka 2015 yalifunika kuta ndefu za njia nzima. Wapo wanaosema kubadilishana gunia kwa gunia si haki wakati la zamani likishapita mikononi mwake linakuwa dola nyingi. Nakubaliana nao nusu. Kinachonifanya nimheshimu ni alichokifanya na pesa: amejenga studio na kumbi kwao Tamale, watoto wa shule wanaingia bure. Yaani "hapa" amepajenga kwao, na huko Venice ni safari tu.

Mpango wa sasa ni huu. Kivuli kimoja, mita 4 kwa 5, kimeshonwa kwa maturubai yaliyobadilishwa moja kwa moja, jipya kwa la zamani, kimesimama Kakuma mahali ambapo watu wanasubiri maji kwenye jua. Nguzo za mathenge, kwa sababu huo mti hakuna atakayeulilia. Mama wa mandazi anashona, pamoja na wanawake wawili wa Kiturkana kutoka Kakuma mjini ambao wamenicheka waziwazi walipoona jinsi ninavyofunga fundo. Kingine kama hicho Lodwar, karibu na Turkwel, kwa maturubai mapya ambayo hayajamkinga mtu. Ukikaa chini ya kimoja unajua kuna kingine kilomita 120 mbele, na inategemea wewe ni nani kama unaweza kukifikia. Mturkana anaweza. Mimi naweza. Anayeshona hawezi. Ni hilo tu, sijaongeza kitu.

Je, ni sanaa au ni hema la NGO lenye maelezo marefu? Swali ni halali na sitalikwepa. Kama watu watakaa pale wasione chochote zaidi ya kivuli, sina malalamiko, ingawa kama mhakiki ningeiandikia kazi kama hiyo kwamba imejificha nyuma ya wema wake. Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulipokatwa vibaya, watu waliandamana. Wakati kama huo, mwanafunzi anayezungumza habari za kuba na vizingiti anaonekana kama mtu aliyeingia msibani na gitaa. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kitu kiwe na kazi hata mimi nikiondoka. Pia nimeondoa wazo la kuchora mstatili wa mita 4 kwa 5 kwenye sakafu ya ukumbi Nairobi kuwakilisha kile kisichokuja. Lilikuwa wazo safi mno. Ukumbi ungelimeza, watu wangesimama ndani yake na glasi za juisi, wakaguswa, wakaenda nyumbani.

Kwa hiyo Nairobi hakutakuwa na kitu. Viongozi wa bloku wamekubali kwa miezi mitatu, kisha kivuli kitakuwa cha wanaokitumia, wakikata wakate. Watahini nimewaandikia kwamba kazi iko Kakuma, nikaweka na njia ya basi. Mmoja amejibu akiuliza kama picha hazitatosha. Mwingine ameuliza kama kuna mahali pa kulala, na huyo nimeshamtafutia.